Staha, Uamuzi na "Bado": Namna ya Kusoma Barua za Kukataa Miswada ya Hadithi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna barua za kukataa miswada ya hadithi za Kiswahili zinavyojengwa na namna zinavyoweza kusomwa. Kwa kuwa majarida ya hadithi za Kiswahili ni machache, mwandishi chipukizi hupokea barua hizi pia kutoka kwa wachapishaji wa vitabu, wahariri wa kurasa za hadithi magazetini na waandaaji wa mashindano ya uandishi. Mjadala unaongozwa na Nadharia ya Staha ya Brown na Levinson (1987) pamoja na dhana ya aina-matini kama ilivyoelezwa na Swales (1990), na unamtazama mwandishi aliye mbali na ofisi hizo, huko Mtowisa katika Mkoa wa Rukwa. Inajengwa hoja kwamba Kiswahili kina desturi iliyokomaa ya kukataa bila kutamka "hapana", na kwamba desturi hiyo humpotosha mwandishi kwa njia mbili zinazopingana: wapo wanaoendelea kusubiri kwenye mlango uliokwisha kufungwa, na wapo wanaouacha mlango uliobaki wazi. Makala inapendekeza kipimo cha umahususi kwa msomaji wa barua, na mambo manne ambayo mhariri anapaswa kuyasema.

1.0 Utangulizi

Mtowisa ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga iliyo katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa. Kutoka Sumbawanga mjini msafiri huteremka ukingo huo kuelekea bondeni. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, ziliko ofisi nyingi za wachapishaji wa Tanzania, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mtu aliyeandika hadithi katika daftari akiwa Mtowisa ana kazi ya kuichapa, kuitolea nakala na kuituma, ama kwa basi ama kwa simu ya mkononi. Akishaituma, hana njia rahisi ya kupita ofisini kuuliza. Kinachomfikia ni maneno tu: barua moja, mara nyingi ya aya mbili au tatu. Uamuzi wake wa kuendelea na mswada, kuuandika upya au kuutupa hutegemea namna atakavyoyaelewa maneno hayo.

Mtowisa imechaguliwa hapa kama mahali pa kusimama ili kuitazama barua kutoka upande wa mpokeaji. Mwandishi anayeishi karibu na wahariri anaweza kumpigia simu anayefahamiana naye na kumwuliza maana ya "kwa sasa". Aliye bondeni Rukwa hana wa kumwuliza, kwa hiyo barua yake inalazimika kujieleza yenyewe. Kama haijielezi, kasoro ambayo kwingine hurekebishwa na maongezi ya pembeni huonekana wazi.

Sentensi za barua zinazochambuliwa humu zimeundwa kwa ajili ya ufafanuzi, kwa kufuata mkondo wa kawaida wa barua za aina hii. Hazikunukuliwa kutoka katika barua ya ofisi yoyote.

2.0 Mlango wa Uchapishaji na Walinzi Wake

Hadithi simulizi haina barua ya kukataliwa. Msimulizi husema "Hadithi! Hadithi!", na hadhira hujibu "Hadithi njoo!" Kwa jibu hilo hadhira imekwisha kuipokea hadithi kabla haijaanza. Ikichosha, hadhira huonyesha palepale kwa kusinzia, kwa kuzungumza pembeni au kwa kuacha kuitikia, naye msimulizi hubadili sauti, hufupisha tukio au huingiza wimbo. Ufipa ni eneo lenye utajiri wa sanaa hiyo, na mwaka 1978 mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa simulizi ya Wafipa. Mwandishi aliyekulia katika mazingira ya namna hiyo amezoea kuitikiwa ana kwa ana. Uchapishaji unampa hadhira asiyoiona, ambayo haijasema "njoo", na unaweka mtu katikati mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba yake.

Mtu huyo wa katikati ana historia katika Kiswahili. Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilichapisha mashairi na barua za wasomaji, na hivyo likawazoesha watu wa sehemu mbalimbali kutuma maandishi yao kwa mhariri. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili na pia kupitia miswada kabla haijawa vitabu, na kazi zilizopita zilipewa idhini yake. Kwa utaratibu huo, hukumu juu ya lugha na hukumu juu ya hadithi zilitoka katika meza moja. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipanua fursa za waandishi wa Afrika Mashariki kuchapishwa. Baadaye zikaja East African Publishing House mwaka 1965 na Tanzania Publishing House mwaka 1966. Idadi ya milango iliongezeka, lakini utaratibu ulibaki uleule: mswada huingia, husomwa na wathamini, kisha jibu hutoka.

Historia hiyo inaonyesha pia kwamba jibu la mlango mmoja si hukumu ya mwisho juu ya kazi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kisha ikaja kuwa miongoni mwa riwaya zinazofundishwa. Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, ilizua ubishi mkali kwa kuwa baadhi ya wajuzi walikataa kuyaita mashairi yale yasiyofuata urari wa vina na mizani. Tukio hili la pili lina somo mahususi: kusema "hili si shairi" ni kukataa kuliingiza katika utanzu, na ni tofauti na kusema "hili ni shairi baya". Nje ya Kiswahili, Things Fall Apart ya Chinua Achebe, inayofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, ilikataliwa na wachapishaji wengine wa London kabla ya Heinemann kuitoa mwaka 1958. Sababu iliyotajwa ilikuwa soko: ilidhaniwa kwamba riwaya ya Mwafrika haingepata wanunuzi.

Kwa hiyo kukataliwa kuna sababu za aina mbalimbali: ubora wa kazi, ufaafu wake kwa jarida au mchapishaji husika, utanzu, lugha, soko na nafasi. Barua nzuri humwezesha mpokeaji kujua ni sababu ipi iliyohusika. Barua nyingi hazimwezeshi, na chanzo chake kikubwa ni staha.

3.0 Misingi ya Kinadharia

Kwa mujibu wa Brown na Levinson (1987), kila mshiriki wa mawasiliano ana uso, yaani heshima anayotaka ihifadhiwe mbele ya wengine. Uso una pande mbili: haja ya kukubalika na haja ya kutoingiliwa. Kukataa ni tendo linalotishia uso, hasa upande wa kukubalika. Msemaji anaweza kulitenda waziwazi, kulitenda huku akilipunguza makali, au kulitenda kwa kificho ili msikilizaji akisie mwenyewe. Kadiri tofauti ya mamlaka na umbali wa kijamii unavyokuwa mkubwa, na kadiri jambo lenyewe linavyokuwa zito, ndivyo msemaji anavyoelekea kutumia kificho.

Kwa upande wake, Swales (1990) anaiona aina-matini kuwa ni kundi la matini zenye lengo moja la mawasiliano, linalotambuliwa na jamii inayozitumia na kutekelezwa kwa hatua zinazofahamika. Barua ya kukataa mswada ina hatua tano za kawaida: shukrani, taarifa kwamba mswada umesomwa, uamuzi, sababu, na maneno ya kuagana. Uamuzi huwekwa katikati na kuzungukwa na hatua nyingine nne zenye kazi ya kuhifadhi uso.

Nadharia hizi mbili zinakutana katika jambo moja. Staha hufanya kazi ikiwa pande zote mbili zinaijua aina-matini. Mhariri anajua kwamba "kila la heri" ni hatua ya kuagana. Mwandishi anayepokea barua ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hana budi kuipima kwa aina-matini nyingine anazozijua.

Aina-matini iliyo karibu zaidi ni posa. Katika jamii nyingi za Tanzania posa huanza kwa barua, na familia isiyotaka kukubali haiandiki "hatukutaki". Husema "binti bado anasoma", au "tutashauriana na ndugu kisha tutawajulisha". Wahusika huelewa kwa kuwa yupo mshenga. Mshenga amekaa sebuleni, ameona nyuso, amesikia kilichosemwa na kilichonyamaziwa, na akirudi kwa waliomtuma hufasiri: "Wamesema bado anasoma, lakini hawataki." Mwandishi wa Mtowisa amepokea jibu la posa bila mshenga. Ana maneno ya staha mkononi lakini hana mtu wa kumfasiria.

4.0 Sarufi ya Kukataa kwa Staha

4.1 Kiambishi -ja- na neno "bado"

Kiswahili kina ukanushi wa namna kadhaa, na tofauti zake ni muhimu kwa mjadala huu. Zingatia mifano ifuatayo:

(1) Mswada wako haufikii kiwango chetu.
(2) Mswada wako haukufikia kiwango chetu.
(3) Mswada wako haujafikia kiwango chetu.

Mfano (1) unaeleza hali ilivyo, (2) unaeleza tukio lililokwisha, na (3), kwa kutumia -ja-, unaeleza kwamba jambo halijatokea lakini linatarajiwa au linawezekana. Kisarufi, (3) ndio wenye matumaini. Ndiyo maana wahariri huupenda: unamhifadhia mwandishi uso kwa kumweka njiani badala ya kumweka nje.

Hata hivyo, matumizi ya "bado" katika maisha ya kila siku yanaonyesha kwamba matumaini hayo yanaweza kuwa ya kisarufi tu. Mtu mzima asiye na mtoto akiulizwa "Una watoto?" hujibu "Bado", hata kama hana mpango wa kupata mtoto. Kujibu "Hapana" kungesikika kama kukata tamaa au kumfokea aliyeuliza. "Bado" hapo haibebi ahadi yoyote, bali ni namna inayokubalika ya kusema kwamba jambo halipo. Vivyo hivyo, mhariri anayeandika "haujafikia" hajaahidi kwamba ukifikia utachapishwa. Kiambishi chenyewe hakitoshi kumjulisha mpokeaji iwapo ameambiwa "subiri" au "hapana".

4.2 Kauli ya kutendwa na ya kutendeka

Njia ya pili ni kumwondoa mtendaji:

(4) Imeshindikana kuuchapisha mswada wako.
(5) Imeonekana kuwa hadithi haiendani na mahitaji ya jarida.
(6) Tumeamua kutouchapisha mswada wako.

Katika (4) na (5) hakuna aliyeshindwa wala aliyeona. Uamuzi unasimuliwa kama hali ya hewa. Faida yake kwa staha ni kwamba hakuna mtu aliyemkataa mwenzake. Hasara yake ni kwamba mpokeaji anaweza kudhani kizuizi ni cha nje, kama vile ukosefu wa fedha au mitambo, na kwamba kikiondoka mswada utapita. Mfano (6) una mtendaji na tendo, na ingawa unauma zaidi, hauna utata.

4.3 "Kwa sasa", "ufinyu wa nafasi" na "karibu tena"

Vielezi vya wakati na sababu za nje hufanya kazi ileile. "Kwa sasa" hupunguza ukali wa ukanushi kwa kuubana ndani ya muda, ilhali hakuna wakati mwingine uliotajwa. "Ufinyu wa nafasi" huweza kuwa sababu ya kweli, kwa kuwa jarida lina kurasa zenye kikomo na gazeti lina safu moja ya hadithi. Lakini nafasi hiyo finyu imepewa kazi nyingine, na kwa hiyo ndani ya sababu hiyo kuna ulinganisho ambao haukusemwa.

"Karibu tena" linastahili uangalifu. Muuza duka humwambia hivyo kila anayetoka, awe amenunua au amepita kuuliza bei tu. Ni fomula ya kuagana. Mwandishi anayelichukua kama mwaliko wa kuleta mswada uleule, bila kuubadilisha, atapata jibu lilelile na huenda akaona amechezewa.

4.4 Kimya

Desturi ya hodi inafundisha kwamba mgeni akibisha mara tatu bila kuitikiwa, huondoka bila chuki. Kimya ni jibu. Katika uchapishaji kimya hakiko wazi hivyo, kwa sababu mwandishi hajui ni baada ya muda gani hodi yake inahesabiwa kuwa ya tatu. Miezi sita ya kimya inaweza kuwa na maana ya kukataliwa, ya foleni ya wathamini au ya mswada uliopotea.

Katika mashindano, kimya kina utaratibu unaotambulika zaidi. Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili kwa Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hutangaza orodha ya kazi zilizoteuliwa. Taasisi ya Elimu Tanzania husimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Katika utaratibu wa aina hii, asiyeliona jina lake katika orodha amekwisha kujibiwa. Kilichokosekana ni sababu tu, na kukosekana kwa sababu hakuthibitishi kwamba kazi ni mbovu. Tuzo huchagua wachache kwa ulinganisho, na waliobaki nje hawakupewa hukumu ya mmoja mmoja.

Aidha, kuchelewa hakupaswi kuchanganywa na kukataliwa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote za Shaaban Robert zilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wao kufariki.

5.0 Kipimo cha Umahususi

Iwapo viambishi, kauli na vielezi havitoshi kutenganisha staha na mwaliko, msomaji wa barua ashike nini? Makala hii inapendekeza kipimo kimoja: kwa kila sentensi, aulize kama ingeweza kutumwa kwa mwandishi mwingine bila kubadilisha neno hata moja. Kama ingeweza, sentensi hiyo ni ya aina-matini, yaani inatekeleza staha na haisemi lolote kuhusu mswada wake. Kama isingeweza, sentensi hiyo inamhusu yeye, na ndiyo ya kuzingatiwa. Staha hutumia maneno ya jumla kwa sababu kazi yake ni kumfaa yeyote. Mwaliko wa kweli hauna budi kuwa mahususi, kwa kuwa aliyeuandika amesoma na anataka kitu fulani.

Kwa kipimo hiki barua za kukataa zinagawanyika katika makundi matatu. Mgawanyiko unaofanana na huu unafahamika pia katika majarida ya hadithi ya Kiingereza, ambako zipo barua za jumla zinazotumwa kwa kila anayekataliwa, zipo za kutia moyo, na zipo zinazoandikwa na mhariri kwa mkono wake.

Kundi la kwanza ni barua ya jumla:

(7) Tunakushukuru kwa kututumia mswada wako. Baada ya kuupitia, tunasikitika kukuarifu kwamba hatutaweza kuuchapisha kwa sasa kutokana na ufinyu wa nafasi. Tunakutakia kila la heri katika uandishi wako.

Hakuna sentensi hata moja katika (7) isiyoweza kutumwa kwa mtu mwingine. Tafsiri yake sahihi ni finyu: mswada huu hautachapishwa na ofisi hii. Haisemi kwamba mwandishi hana kipaji, wala kwamba anacho. Anayelia kwa sababu yake na anayefurahia "kila la heri" wote wawili wamesoma kisichokuwamo. Hatua inayofaa ni kuutuma mswada kwingine.

Kundi la pili ni barua inayomfungulia mlango mwandishi na kuufunga kwa mswada:

(8) Wathamini walivutiwa na bibi anayelinda mtumbwi katika sura ya pili, ingawa hawakuridhika na namna hadithi inavyomalizika. Hatutauchapisha mswada huu, lakini tungependa kusoma kazi yako nyingine.

Hapa bibi na mtumbwi ni wa mwandishi mmoja tu. Mtu amesoma. Ukanushi "hatutauchapisha" una mtendaji na hauna "kwa sasa", kwa hiyo uamuzi juu ya mswada ni wa mwisho. Neno la kuangaliwa ni "nyingine": mwaliko unamhusu mwandishi, na hauihusu kazi hii. Kosa la kawaida ni kuubadilisha mwisho wa hadithi na kuirudisha palepale.

Kundi la tatu ni barua inayouacha mlango wazi kwa mswada wenyewe:

(9) Mhusika Zuberi anatoweka baada ya sura ya nne, na msomaji haelezwi kwa nini. Ukilirekebisha hilo na kuufupisha utangulizi, utuletee mswada tena, tutausoma upya.

Kisarufi (9) ina mambo matatu ambayo (7) haina: sharti lenye -ki- ("ukilirekebisha"), agizo la staha katika hali ya matilaba ("utuletee"), na ahadi ya wakati ujao yenye mtendaji na mtendwa dhahiri ("tutausoma"). Ahadi hiyo ina mpaka. Mhariri ameahidi kusoma, hakuahidi kuchapisha. Ndani ya mpaka huo, barua hii ni hodi iliyoitikiwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko katika kundi hili la tatu. Barua (9) haina sifa hata moja na imejaa kasoro. Msomaji aliyezoea kwamba neno zuri ni dalili njema na kasoro ni dalili mbaya ataiona kuwa kali kuliko (7). Akiwa na mazoea ya posa anaweza pia kuamua kwamba masharti hayo ni visingizio vya watu waliokwisha kukataa, kama mahari inayopandishwa makusudi ili mchumba ashindwe. Mswada unaokaribia kukubaliwa unaweza kuishia chini ya godoro kwa sababu mhariri alijali kiasi cha kutaja makosa. Ikiwa nakala pekee ilikuwa katika daftari, hasara hiyo haifidiki.

6.0 Hukumu Juu ya Lugha

Sababu moja inahitaji kujadiliwa peke yake, kwa kuwa humgusa mwandishi wa Rukwa kwa namna ambayo haimgusi kila mtu. Ni sentensi kama hii:

(10) Lugha ya mswada inahitaji kunyooshwa.

Kwa wakazi wengi wa Ufipa, Kiswahili ni lugha iliyoongezwa juu ya Kifipa au lugha nyingine ya nyumbani. Mtu wa namna hiyo akiambiwa lugha yake haijanyooka anaweza kusikia kwamba yeye si mwenye lugha, na kwamba hadithi za Kiswahili ni mali ya waliozaliwa nayo. Historia haiungi mkono tafsiri hiyo. Kiswahili sanifu kilijengwa kwa kuchukua Kiunguja kuwa msingi, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo hata wasemaji wa lahaja nyingine za pwani wamelazimika kujifunza usanifu huo. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na hilo halikumzuia kuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa riwaya ya Kiswahili.

Hata hivyo, mfano (10) unaanguka katika kipimo cha umahususi. Unaweza kutumwa kwa yeyote. Haumwambii mwandishi kama tatizo ni upatanisho wa kisarufi, tahajia, alama za uandishi au maneno ya Kifipa yaliyoachwa bila muktadha wa kuyaeleza. Makosa hayo hayalingani. Upatanisho na tahajia hurekebishwa na mhariri wa lugha kwa muda mfupi. Maneno ya nyumbani yanaweza kuwa ndiyo ladha ya hadithi, na kuyaondoa yote kungeidhoofisha. Mwandishi asiyeambiwa ni lipi atanyoosha kila kitu, pamoja na kile kilichopaswa kubaki. Kama barua inaruhusu swali moja la kurudi, swali lenye faida ni kuomba ukurasa mmoja uliowekwa alama, badala ya kuomba uamuzi ubadilishwe.

7.0 Wajibu wa Mhariri

Haifai mzigo wote kumwelemea msomaji wa barua. Ofisi ndogo yenye mhariri mmoja haiwezi kuandika uchambuzi kwa kila mswada, na staha yenyewe si kosa. Barua isiyo na staha ingevunja desturi ya lugha na kumwumiza mtu bure. Kinachopendekezwa ni staha isiyoficha uamuzi. Mambo manne yanatosha, na yote huingia katika sentensi tano.

Kwanza, uamuzi utamkwe kwa kitenzi chenye mtendaji: "Hatutauchapisha mswada huu." Pili, itajwe sehemu iliyosomwa, iwe mswada mzima au sura za mwanzo tu, kwa kuwa aliyekataliwa katika sura ya kwanza ana kazi tofauti na aliyekataliwa katika sura ya mwisho. Tatu, isemwe mlango upi uko wazi: kwa mswada huu, kwa kazi nyingine ya mwandishi, au hakuna. Nne, itajwe muda, hasa kwa ofisi zisizojibu kila mswada. Tangazo kwamba asiyejibiwa ndani ya miezi kadhaa iliyotajwa ahesabu kuwa hakuchaguliwa humpa mwandishi uhuru wa kupeleka kazi kwingine. Maneno ya shukrani na ya kuagana yabaki yalipo.

Wapo watakaosema kwamba uwazi huo utawavunja moyo waandishi wachanga. Hoja hiyo inasahau kwamba utata pia huvunja moyo, ila huchukua muda mrefu zaidi. Anayesubiri "kwa sasa" ipite hawezi kuutuma mswada mahali pengine kwa moyo mmoja, na kila mwaka anaosubiri ni mwaka ambao hadithi yake haina msomaji.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba barua ya kukataa mswada wa Kiswahili inatumia rasilimali zilezile za staha zinazotumika katika posa, katika kujibu maswali ya wageni na katika kuagana dukani: kiambishi -ja-, kauli zinazomficha mtendaji, vielezi vya wakati visivyo na wakati, na kimya. Rasilimali hizo hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna mshenga. Pale ambapo hakuna, huzaa makosa ya aina mbili, la kusubiri bure na la kuacha mapema, na la pili ndilo linaloinyima fasihi kazi ambazo zilikuwa karibu kukamilika.

Kipimo cha umahususi hakimpi mwandishi jibu analolitaka. Kinamsaidia kutenganisha maneno aliyoandikiwa yeye na maneno anayoandikiwa kila mtu, ili uamuzi wake juu ya mswada usimame juu ya yale ya kwanza. Kwa upande wa utafiti, ingefaa wachapishaji na waandaaji wa mashindano wahifadhi barua wanazotuma, baada ya kuondoa majina, ili aina-matini hii ichunguzwe kwa data halisi kama zinavyochunguzwa hotuba na matangazo. Kwa upande wa mafunzo, warsha za uandishi zinazofanyika mikoani zinaweza kutenga saa moja ya kusoma barua za mifano (7) hadi (9) kwa sauti na kujadili kila moja inaelekeza hatua gani. Zoezi hilo linahitaji ubao na chaki tu, na linaweza kufanyika Mtowisa sawasawa na Dar es Salaam.